Boerboel: Mvutano wa kumtambua mbwa wa Afrika Kusini

Boerboel ni mbwa mkubwa wa ulinzi aliyetokana na mashamba ya Afrika Kusini. Dume aliyekomaa hufikia kimo cha sentimita 66 hivi begani, na uzito wake huweza kupita kilo 70. Ana kichwa kipana, taya nene na manyoya mafupi yenye rangi ya mchanga, ya kahawia iliyokolea au ya milia. Humwandama mwenye nyumba yake kama kivuli, na mgeni asiyejulikana havuki lango kwa urahisi. Leo anauzwa kuanzia Cape Town hadi Nairobi na Lagos, na wapenzi wake wako Ulaya na Marekani pia.

Hata hivyo, ukiuliza kama boerboel ni aina rasmi ya mbwa, jibu litategemea unamwuliza nani. Chama kikuu cha mbwa nchini Marekani, American Kennel Club, kilimpokea mwaka 2015 katika kundi la mbwa wa kazi. Nyumbani kwake Afrika Kusini anatambuliwa, ila na vyama zaidi ya kimoja, na kila kimoja kina daftari lake na maoni yake kuhusu boerboel wa kweli ni yupi. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lenye makao makuu Thuin nchini Ubelgiji, halimo miongoni mwa waliomtambua. Na nchini Denmark sheria inamtaja kwa jina, kwa lengo la kumpiga marufuku.

Mbwa ni mmoja, majibu ni manne. Mtu anaweza kudhani kwamba huu ni ugomvi wa mashabiki wa maonyesho ya mbwa, watu wenye muda na fedha za kutumia. Ndivyo ulivyo kwa sehemu. Lakini ndani yake mna suala la bei, suala la sheria, na suala zito zaidi katika nchi iliyopita katika ubaguzi wa rangi: ni mbwa wa nani aliyestahili kupewa jina, na ni wa nani aliyeachwa aitwe koko.

Kutambuliwa maana yake nini

Binadamu na mbwa wameishi pamoja kwa maelfu ya miaka, lakini aina ya mbwa, kwa maana inayotumika leo, ni jambo la juzi. Zamani mbwa aliitwa kwa kazi yake: wa kuchunga kondoo, wa kuwinda, wa kulinda boma. Aliyefanya kazi vizuri ndiye aliyezalishwa, na wachache walijali babu yake alikuwa nani. Mwaka 1873 iliundwa Kennel Club mjini London, na mwaka uliofuata likatolewa daftari lake la kwanza la nasaba. Kuanzia hapo mbwa akawa wa aina fulani kwa sababu baba na mama yake wameandikwa katika daftari la aina hiyo, na wazazi wa hao vivyo hivyo, kurudi nyuma hadi siku daftari lilipofunguliwa.

Kwa hiyo kuitambua aina mpya ni kuchagua mbwa watakaoingia siku ya kwanza, kuandika vigezo vya umbo na tabia vitakavyofuatwa na vizazi vyao, kisha kufunga mlango. Mlango ukishafungwa, mbwa aliyebaki nje haingii hata akifanana na walio ndani kama shilingi kwa ya pili.

Masharti ya kufikia hapo si mepesi. FCI hutaka aina mpya iwe na koo zisizopungua nane ambazo hazijaingiliana kwa vizazi kadhaa, na hata ikikubaliwa huwekwa kwanza katika hali ya kutambuliwa kwa muda, kwa kipindi kisichopungua miaka 10. American Kennel Club hutaka mbwa kati ya 300 na 400 wenye nasaba ya vizazi vitatu, walioenea katika majimbo yasiyopungua 20 ya Marekani. Masharti hayo yana busara yake, kwa maana kundi dogo la mbwa wanaozaliana wenyewe kwa wenyewe hudhoofika upesi. Lakini yote yanahusu hesabu na maandishi. Hakuna sharti hata moja kati ya hayo linalouliza kama mbwa anajua kulinda.

Safari ya kilomita 5,500

Jina boerboel ni la Kiafrikana. Boer ni mkulima, na boel ni ufupisho wa neno la kale la mbwa wa jamii ya buldogi na mastifu. Simulizi inayopendwa na wafugaji huanzia mwaka 1652, Jan van Riebeeck alipotia nanga kwenye Rasi ya Tumaini Jema kwa niaba ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, akiwa ameandamana na mbwa mkubwa wa kulinda. Walowezi waliomfuata, wakiwemo Waingereza waliofika mwaka 1820, walikuja na mbwa wao. Baadaye kampuni ya almasi ya De Beers iliagiza mbwa wa aina ya bulimastifu kulinda migodi yake. Mbwa wote hao, inasemekana, walichanganyikana mashambani hadi akapatikana mmoja aliyefaa kumkabili chui, kuzuia ng'ombe dume na kulala barazani na watoto.

Walichanganyikana pia na mbwa wa Waafrika, waliokuwa katika ardhi hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya van Riebeeck. Sehemu hiyo ya simulizi kwa kawaida husemwa kwa sauti ya chini.

Simulizi hii ina ukweli ndani yake, lakini haina karatasi. Mkulima wa karne ya 19 hakuandika uzazi wa mbwa wake. Alibakiza watoto waliomfaa na kuwagawia majirani waliosalia. Karatasi zilianza mwaka 1983, kilipoundwa chama cha wafugaji wa boerboel katika eneo la Senekal, jimbo la Free State, chama kilichokuja kujulikana kwa kifupi kama SABT. Waanzilishi, miongoni mwao Lucas van der Merwe wa Kroonstad na Jannie Bouwer wa Bedford, walihofia kwamba mbwa wa mashamba ya babu zao angepotea huku familia za wakulima zikihamia mijini. Kwa masimulizi ya wafugaji wenyewe, walizunguka nchi kwa safari ya kilomita 5,500 hivi, wakawakagua mbwa wapatao 250 na kuwachagua 72 waandikwe.

Hesabu hiyo ya 72 ndiyo kiini cha ugomvi wote uliofuata. Mbwa hao hawakuwa na nasaba iliyoandikwa. Waliingia daftarini kwa sababu watu wachache, waliokuwa na picha ya boerboel vichwani mwao, waliwatazama na kusema: huyu ndiye, yule siye. Kutoka siku hiyo walionekana kama mababu wa kale, ilhali walikuwa wameteuliwa juzi. Mfugaji akisema mbwa wake ana historia ya zaidi ya miaka 300 hasemi uongo, na anayesema aina hii ilizaliwa mwaka 1983 hasemi uongo pia. Wa kwanza anazungumzia damu na wa pili anazungumzia daftari, na ni daftari linaloamua nani auze mtoto wa mbwa kwa bei gani.

Mwanahistoria Sandra Swart wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alilichambua suala hili katika makala aliyoitoa mwaka 2003. Hoja yake ni kwamba aina za mbwa wa kusini mwa Afrika ni zao la jamii na siasa, wala hazikuletwa na maumbile peke yake. Ni vigumu kumpinga. Mwaka 1983 ulikuwa mwaka ambao serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa ikitafuta katiba mpya ya kujihifadhi, na wazungu wa mashambani walikuwa na hofu juu ya kesho yao. Kwamba mbwa aliyebeba jina la mkulima wa Kiafrikana alitafutwa, akaorodheshwa na kuhifadhiwa wakati huo huo ni jambo linalostahili kuangaliwa, hata kama waliozunguka na gari kumtafuta hawakuwa na nia nyingine ila mapenzi ya mbwa.

Daftari lishikwe na nani

Chama cha Senekal hakikubaki kimoja. Katika miongo iliyofuata vilizuka vyama vingine, kikiwemo EBBASA na kile kinachojiita cha boerboel wa kihistoria, HBSA. Kila kimoja kilidai kuwa kinamlinda mbwa wa asili dhidi ya wengine. Mrithi wa SABT, chama cha SABBS, alichukua njia isiyo ya kawaida katika ulimwengu wa mbwa: alijisajili chini ya Sheria ya Uboreshaji wa Mifugo namba 62 ya mwaka 1998, sheria ile ile inayosimamia nasaba za ng'ombe, kondoo na mbuzi. Kwa njia hiyo boerboel akawa, mbele ya wizara ya kilimo, mnyama wa shamba mwenye asili ya nchini. Kando yake ikabaki KUSA, muungano wa vyama vya mbwa wa kusini mwa Afrika na mwanachama wa FCI, ambao nao humwandika boerboel kama mbwa mwingine yeyote wa maonyesho.

Tofauti kati ya njia hizi mbili si ya majina tu. Katika desturi ya SABT na mrithi wake, mtoto wa wazazi walioandikwa hapati haki ya kuzaa kwa kuzaliwa pekee. Anapokomaa hupelekwa kwa wakaguzi, hupimwa kiungo kwa kiungo na kupewa alama, na asiyefikisha 75 kwa mia hazalishwi. Ni utaratibu unaofahamika na kila mfugaji wa ng'ombe wa mbegu. Katika utaratibu wa vyama vya maonyesho, kama ule wa Marekani, mtoto wa wazazi walioandikwa huandikwa, basi. Ubora wake utajulikana akifika ulingoni, ikiwa mwenyewe atapenda kumpeleka.

Ndiyo maana habari za kukubaliwa nchini Marekani mwaka 2015 hazikupokelewa na wote kwa vigelegele. Waliozitaka walisema mbwa asiyetambuliwa na chama kikubwa hubaki mikononi mwa walanguzi wanaochapisha vyeti vyao wenyewe. Waliozikataa walisema mwamuzi wa maonyesho huona mwendo, meno na manyoya. Haoni kama mbwa ana utulivu wa kuishi na watoto na ujasiri wa kusimama mbele ya mwizi. Wafugaji wa border collie, mbwa mchunga kondoo, walitoa hoja iyo hiyo nchini Marekani miaka 20 kabla, wakashindwa. Wengi wao waliendelea kutumia daftari lao la zamani, na hivi leo wapo border collie wa kondoo na border collie wa maonyesho ambao hata kwa macho hawafanani sana.

Kisha ikaja rangi. Vyama vimegawanyika juu ya boerboel mweusi tii: wapo wanaomwandika kwa fahari na wapo wanaomfungia mlango. Wanaomkataa husema weusi huo uliingizwa na watu waliopandisha boerboel na mbwa wa aina nyingine, kisha wakaghushi nasaba. Wanaomtetea husema mbwa weusi walikuwapo mashambani tangu zamani.

Hapa sayansi inasaidia, ingawa haimalizi kesi. Katika mbwa wengi weusi kabisa, weusi hutokana na jeni yenye nguvu inayojitokeza hata ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu. Haiwezi kujificha ndani ya mbwa wa rangi ya mchanga na kuibuka vizazi vitano baadaye. Boerboel mweusi wa namna hiyo lazima awe na mzazi mweusi, na mzazi huyo awe na wake, hadi mwanzo wa mstari. Swali ni kama mstari huo unaishia kwa mbwa wa shambani aliyeandikwa kihalali au unaishia kwa mbwa wa jirani aliyeruka ua. Na hata ukiishia kwa jirani, kumkataa mbwa kwa kosa la kuwa na damu ya nje, katika aina ambayo waanzilishi wake wote walikuwa wa damu mchanganyiko, kunahitaji hoja nzito kuliko zilizotolewa hadi sasa.

Jina linapogeuka mashtaka

Kutambuliwa kuna upande wa pili ambao wafugaji hawakuutarajia. Mbunge anayetaka kupiga marufuku mbwa hatari anahitaji majina ya kuandika katika muswada, na vyama vya wafugaji ndivyo vinavyotengeneza majina. Mwaka 2010 Denmark ilipitisha sheria inayokataza aina 13 za mbwa, na boerboel ni mmojawapo. Waliokuwa nao tayari waliruhusiwa kubaki nao kwa masharti ya kamba fupi na kifunga mdomo. Kuzalisha na kuingiza wengine kukakatazwa. Palipo na shaka, mwenye mbwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba mbwa wake si wa aina iliyotajwa. Karatasi ya nasaba, ambayo kwa boerboel ni hati ya kumtia hatiani, kwa mbwa mwingine mwenye kichwa kikubwa inaweza kuwa ndiyo inayomwokoa.

Uingereza ilikutana na tatizo lilelile kutoka upande mwingine. Mbwa anayeitwa American bully wa umbo kubwa zaidi, maarufu kama XL, alihusishwa na mashambulizi kadhaa yaliyoua watu, lakini Kennel Club ya London haimtambui kama aina. Hapakuwa na vigezo vya kunukuu. Serikali ililazimika mwaka 2023 kuandika maelezo yake yenyewe, ikianza na kimo cha sentimita 51 kwa dume na 48 kwa jike, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 ikawa kosa kumiliki mbwa huyo bila kibali nchini England na Wales. Kwa hiyo maafisa wa serikali, kwa kutumia utepe wa kupimia, walilazimika kufanya kazi ambayo kwa kawaida huachiwa wafugaji. Familia zilizonunua mbwa kwa jina lingine ziligundua kwamba aliye nyumbani kwao ameingia ndani ya vipimo.

Mbwa wasio na karatasi

Kabla ya boerboel, mbwa wa eneo hilo aliyepata sifa duniani alikuwa Rhodesian ridgeback, mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni. Mstari huo aliurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi. Vigezo vyake viliandikwa na wafugaji wa kizungu waliokutana Bulawayo mwaka 1922, chini ya uongozi wa Francis Barnes, nao walianzia katika vigezo vya mbwa wa Ulaya wa madoadoa, dalmatian. Leo FCI inamtambua, na vigezo vyake vinatolewa kwa pamoja na KUSA na chama cha mbwa cha Zimbabwe.

Mwaka huo huo wa 1922, katika nchi ambayo sasa ni Namibia, utawala wa Afrika Kusini uliwashambulia Wabondelswarts kwa ndege za kivita, na watu wapatao 100 wakauawa, wakiwemo wanawake na watoto. Miongoni mwa sababu za uasi wao ilikuwa kodi ya mbwa. Kwa wafugaji wale, mbwa alikuwa chombo cha kuwinda na kulinda mifugo. Kodi iliwekwa makusudi iwe nzito ili wasiweze kuishi kwa kuwinda na walazimike kwenda kuajiriwa katika mashamba ya walowezi. Yaani, wakati mbwa wa kundi moja la watu alikuwa akiandikiwa vigezo, mbwa wa kundi lingine alikuwa akihesabiwa ili atozwe.

Mbwa huyo wa pili hakutoweka. Ni yule mwembamba, mwenye miguu mirefu na masikio mepesi, anayeonekana katika vijiji vya KwaZulu-Natal, Limpopo na Eastern Cape, na ambaye ndugu zake wamejaa vijijini kwetu Afrika Mashariki. Mifupa ya mbwa wa kufugwa iliyopatikana karibu na mpaka wa Botswana inakadiriwa kuwa ya mwaka 570 hivi. Kwa karne nyingi aliitwa majina ya dharau. Walowezi wa Kenya walichukua neno la Kiswahili na kumwita mbwa shenzi, na neno hilo likaingia katika Kiingereza chao.

Mtafiti Johan Gallant, mzaliwa wa Ubelgiji, ndiye aliyempa jina la Africanis, na mwaka 1998 yeye na Joseph Sithole walianzisha chama cha kumhifadhi. Jambo la kuvutia ni kwamba chama hicho hakikukimbilia vigezo vya umbo. Gallant alisisitiza kwamba huyu ni mbwa wa asili wa mahali, aliyechujwa na njaa, maradhi, kazi na jua, na kwamba ukianza kumchagua kwa rangi au kwa mkunjo wa mkia utakuwa umemharibu kwa jina la kumwokoa. KUSA inamtambua kama aina inayochipuka. Hali hiyo ya katikati haimridhishi kila mtu, lakini pengine ndiyo inayomfaa: asipotambuliwa kabisa ataendelea kuonekana chotara asiye na thamani, naye akitambuliwa kikamilifu atafungiwa mlango pamoja na wachache watakaochaguliwa, na wingi wa sura zake, ambao ndio afya yake, utapungua.

Hatari hiyo si ya kufikirika, na mfano wake uko Kongo. Basenji, mbwa mdogo wa kuwinda anayejulikana kwa kutobweka, alipelekwa Uingereza katika miaka ya 1930 na kutambuliwa na American Kennel Club mwaka 1943. Jina lake lina uhusiano na neno letu washenzi: ni mbwa wa watu wa porini. Daftari lake nje ya Afrika lilijengwa juu ya mbwa wachache mno, na baada ya miongo michache ugonjwa wa figo unaorithiwa, uitwao Fanconi, ulienea kiasi cha kuwatisha wafugaji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi yao walifunga safari hadi Zaire ya wakati huo, wakaingia vijijini na kurudi na mbwa ambao hawakuwa na karatasi yoyote. Mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa upya na mbwa 14 kutoka Afrika wakaandikwa. Mlango uliofungwa kwa ajili ya usafi wa damu ulifunguliwa kwa sababu damu hiyo ilikuwa imekwisha nguvu, na dawa ilikuwa kwa mbwa waliokuwa wakilala majivuni kwenye vijiji vya Kongo. FCI, kwa upande wake, humtaja basenji kuwa ni wa Afrika ya Kati, lakini nchi iliyopewa usimamizi wa vigezo vyake ni Uingereza.

Karatasi inapofika Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki boerboel ameingia kupitia soko la ulinzi. Wenye nyumba na wenye biashara humtafuta kwa sababu ya ukubwa na sifa zake, na wauzaji hutofautisha bei ya mbwa mwenye cheti na asiye nacho. Kinachosahaulika ni kwamba cheti hicho kinaweza kuwa kimetoka katika daftari lolote kati ya yale yaliyotajwa hapo juu, au katika mashine ya kuchapia ya muuzaji mwenyewe. Cheti cha chama kimoja cha Afrika Kusini huenda kisikubaliwe na kingine. Mbwa aliyeandikwa na chama kinachokagua watu wazima bado mwenyewe hajakaguliwa akiwa na wiki nane. Waliokaguliwa ni wazazi wake, na hilo ndilo la kuulizia.

La kuulizia zaidi ni nyonga. Kama ilivyo kwa mbwa wengi wazito, boerboel hukabiliwa na ulemavu wa kurithi wa viungo vya nyonga na kiwiko, na kope zinazojikunja ndani au nje. Nyonga hupigwa picha ya eksirei mbwa anapokomaa, na mfugaji makini huwa na picha za wazazi wote wawili. Daktari wa mifugo anaweza kuisoma picha hiyo bila kujali imeambatana na cheti cha SABBS, cha EBBASA, cha KUSA au bila cheti chochote.

Kuhusu FCI, utaratibu wake unataka ombi la kutambuliwa kwa aina mpya lipelekwe na chama mwanachama cha nchi ilikotoka aina hiyo. Kwa boerboel hiyo ni KUSA. Wafugaji walio nje ya KUSA, ambao wana madaftari yao na wakaguzi wao, wangelazimika kukubali kwamba neno la mwisho juu ya mbwa wao liandikwe na chama kingine, na hadi sasa wengi wao hawajaonyesha kuwa tayari kulitoa.